Jaws ya kitabu (sio muvi): uzoefu wangu, nyota tatu kati ya tano

Tuelewane kwanza, naongelea kitabu cha Peter Benchley cha 1974, sio muvi ya Spielberg iliyotoka mwaka uliofuata, maana kila nikisema nasoma Jaws watu wananiimbia ule muziki wa kwenye muvi. Kiingereza chake chepesi, kama unasoma magazeti hukwami popote.

Stori yenyewe ni mji mdogo wa pwani unaitwa Amity, huko Long Island, Marekani, watu wake wanaishi kwa hela ya wageni wa kiangazi. Papa mweupe anamuua dada mmoja usiku, mkuu wa polisi Brody anataka ufukwe ufungwe, wakubwa wa mji hawataki kwa sababu msimu ukiharibika wamekwisha. Na kwa kweli utamu uko hapo, sio kwenye papa. Meya kajichanganya na watu wa mafia (wale wa kihalifu, sio kisiwa chetu) kwenye biashara ya viwanja na nyumba, mhariri wa gazeti anaificha habari, halafu mtoto wa miaka sita anaingia majini bila mama yake kujua chochote. Nilikasirika kweli, na hasira zangu hazikuwa kwa samaki.

Sasa tuje kwa papa mwenyewe maana ndo kilichonifanya ninunue, mi nimekulia Tanga bwana, papa kwetu ni kitoweo, unamchemsha papa mkavu umwage maji ya chumvi, unamchambua, unamuunga na nazi, basi. Nilitaka nione Wamarekani wanaogopa nini hasa. Mwanzo wa kitabu umeandikwa vizuri sana aisee. Samaki anapita gizani, hana chuki na mtu, kwenye giza lile macho hayamsaidii, anachopata ni mtikisiko wa maji tu kwenye neva za ubavuni, anaufuata. Na anaogelea muda wote kwa sababu hana kibofu cha hewa kama samaki wengine, akisimama anazama. Yote hayo kweli. Hata ukubwa, futi 20 hivi, yaani kama mita sita, ni mkubwa ila papa weupe wa kufikia hapo wapo.

Tatizo ni sehemu ya mwisho wakishapanda boti ya Quint, mvuvi wa papa waliyemkodi. Ghafla yule samaki aliyekuwa anafuata mitikisiko anakuwa kama jambazi mwenye kinyongo, anawasubiri, anawachungulia, anashambulia boti utadhani anawajua kwa majina, na kabla ya hapo ameshakaa kwenye ufukwe ule ule wiki kadhaa kana kwamba kapanga chumba. Hiyo ya papa mmoja kunogewa na watu na kuganda sehemu moja Benchley hakuitunga yeye, daktari mmoja wa Australia, Victor Coppleson, aliipigia debe sana miaka ya 1950, na watu walikuwa bado wanakumbuka Julai 1916 New Jersey ambapo papa waliua watu wanne ndani ya siku 12. Ila wanasayansi hawajawahi kuithibitisha. Kuna papa mweupe jike walimpa jina Nicole, alifungwa kifaa cha kumfuatilia Afrika Kusini 2003, akaenda mpaka Australia akarudi, zaidi ya kilomita 20,000 ndani ya miezi tisa. Huyo wa kuganda Amity kugombana na polisi sijui Benchley angemtoa wapi.

Na riwaya za papa zilizokuja baadaye nyingi zimechukua kile kinyongo zikaacha ule mwanzo mzuri, nimesoma kadhaa, papa anazidi kuwa mkubwa na kuwa na akili kuliko mabaharia wote. Wakati duniani wanaouawa na papa kwa mwaka mara nyingi hawafiki 10, na papa wanaouawa na sisi utafiti wa 2013 ulikadiria milioni 100 hivi kwa mwaka. Benchley mwenyewe alikuja kusema kwa yanayojulikana sasa asingeweza kukiandika kile kitabu, na miaka yake ya mwisho mpaka alipofariki 2006 alikuwa anawapigania papa. Namheshimu kwa hilo, wangapi wangekaa tu wanahesabu hela.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya kinyongo cha papa. Nyingine ni zile kurasa za mke wa Brody na Hooper mtaalamu wa samaki, wanakula lanchi weee mpaka unasahau kuna mtu anatafunwa baharini, muvi iliziacha na ikafanya vizuri. Ila kifo cha papa kwenye kitabu nimekipenda zaidi, hakuna mlipuko, mnyama kachoka na majeraha yake anazama tu, sitasema zaidi.

Ukitaka kumjua papa nenda Mafia, Kilindoni, msimu wa papa potwe, ukaogelee naye anakula vijidudu vya maji hana habari na wewe. Ukitaka kujua mji unavyoficha maiti kwa ajili ya hela, nunua hiki. Changu ni cha mtumba, jalada safi kabisa ila kurasa za katikati muuzaji alizibana na gundi akanyamaza, kwa hiyo fungua katikati uzivute kidogo kabla hujatoa hela.