Henry V wa Agincourt: akriliki au rangi ya mafuta?

Kwenye sanamu ndogo ya Mfalme Henry V wa Uingereza, vitani Agincourt, Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415, kazi kubwa ni vazi la juu ya deraya: robo mbili za buluu zenye mayungiyungi ya dhahabu, mbili nyekundu zenye simba.

Akriliki hukauka kwa dakika chache. Ukiizimua kwa maji unachora hata kucha za simba, na ukikosea unapaka tena papo hapo. Tatizo ni mikunjo ya vazi: rangi inakauka kabla hujaichanganya, kivuli kinaacha mstari.

Ya mafuta hubaki laini kwa saa nyingi, hivyo nyekundu nzito na nyepesi unazikutanisha taratibu mpaka mstari unapotea. Ila itakuweka siku kadhaa.

Kwa mfalme huyu nashauri akriliki kwanza, kisha vivuli vyembamba vya mafuta juu yake. Usigeuze mpangilio; akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta.

Kitakoni weka tope, si majani mabichi: shamba walilopigania lilikuwa limelimwa, na mvua kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia vita. Vanishi ya kung'aa iingie kwenye alama za nyayo topeni tu.