Tairi la spea la Eunos Roadster iliyobadilishwa: lipi ununue, lipi uache

Ukienda Gerezani, lile eneo la maduka ya spea jijini Dar, kuulizia tairi la spea la Eunos Roadster, ile Mazda ya milango miwili iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1989, utaulizwa swali moja: "Rimu ya ngapi?" Ukijibu kumi na nne, unaletewa rimu ya kumi na nne yenye matundu manne, unalipa, unaitia kwenye buti. Siku ya pancha ndipo unapogundua kwamba umebeba chuma tu.

Mimi yalinikuta usiku, karibu na Chalinze. Spea ninayo, tena nzima na upepo umejaa. Nikafungua sportrimu (rimu ya aloi) ya nyuma, nikainua spea, matundu yakaelekea stadi (zile boliti za kufungia rimu) vizuri kabisa, lakini ikagoma kukaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ilibaki nafasi ya kidole. Nilipiga teke, nilizungusha, nilidhani nimeuziwa rimu mbovu. Utingo wa lori lililokuwa limeegeshwa mbele yetu alikuja na tochi, akapangusa vumbi kwenye habu, akanionyesha pete nyembamba ya plastiki. Tundu la katikati la sportrimu zangu lina milimita 73.1, na habu ya Mazda hii ni 54.1, kwa hiyo duka lililonifungia lilijaza pengo kwa pete. Sportrimu ilipotoka, pete ilibaki imeng'ang'ania kwenye habu. Akaichokonoa kwa bisibisi, spea ikaingia yenyewe.

Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia: spea inunuliwe kwa gari lilivyo leo, si lilivyotoka Hiroshima. Gari lilitoka na matundu 4x100 (manne kwenye duara la milimita 100), stadi zenye nyuzi za M12x1.5, ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) inayokaribia milimita +45 na tairi la 185/60R14. Hizo namba zijue kwa kichwa. Kisha jiulize ni nini kimebadilishwa, na anza na breki, maana ndizo zinazokataa rimu mara nyingi kuliko kitu kingine. Gari la injini ya 1.6 lilikuja na diski za mbele za milimita 235, la 1.8 lina 255, na zote zinakubali rimu ya inchi 14. Lakini wengi wetu tumefunga breki za Roadster ya kizazi cha pili, zile kubwa za milimita 270, na hapo rimu ya 14 haipiti kalipa, ile inayobana diski. Utahitaji 15.

Haya, niwapangie ninavyoona mimi.

Ya kwanza kabisa, bila kusita, ni rimu ya chuma ya Mazda Demio. Ni ndugu wa damu: 4x100, tundu la katikati 54.1, nati zilezile. Demio zimejaa barabarani Dar na Nairobi, kwa hiyo rimu zake hazina shida kupatikana Gerezani wala Kirinyaga Road. Tairi lake la 175/65R14 lina kipenyo cha milimita 583. Roadster nyingi zilizobadilishwa zinavaa 195/50R15, ambalo ni 576. Tofauti yake ni kama asilimia moja tu, huisikii hata kwenye usukani. Wenye breki kubwa watafute Demio ya rimu 15 yenye 185/55R15, ni milimita 584 na nusu, bado uko salama.

Ya pili ni Vitz. Matundu ni yaleyale, 54.1 ileile, na ukikosa Demio hujapoteza kitu. Naiweka ya pili kwa sababu Vitz zina saizi nyingi za matairi na wauzaji huchanganya. Ya 165/70R14 inafaa. Ya 185/60R15 ina milimita 603, imezidi sana kwa gari lililoshushwa springi, itakwangua fenda. Corolla za NZE nazo zinaingia kwenye habu, ila matairi yake ni marefu, kwa hiyo nunua rimu uivalishe tairi la saizi yako. Angalizo: ukisikia "ya Corolla", hakikisha si ya AE86, ile inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma. Hiyo ni 4x114.3, haiingii hata kwa maombi.

Ya tatu ni kununua sportrimu ya tano, inayofanana na ulizonazo. Kwa usalama hakuna kama hii. Lakini buti la Roadster ni dogo, betri nayo imekaa humohumo, na ukiweka rimu pana ya inchi saba begi la safari litakaa kwenye mapaja ya abiria. Kama unasafiri peke yako, chukua hii.

Ya nne ni lile tairi jembamba la kiwandani, T115/70D14. Ni jepesi na lina mahali pake kwenye buti, ndiyo maana watu hulipenda. Mimi naliogopa kwa mambo mawili. Kwanza umri. Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache hapohapo hata kama vipele vyake ni vipya. Pili, kipenyo chake ni milimita 517, yaani ni dogo kwa asilimia kumi kuliko matairi yako. Ukilifunga nyuma kwenye gari lenye difu ya LSD (inayozuia magurudumu mawili ya nyuma yasipishane sana mwendo), difu inasaga njia nzima. Pancha ikiwa nyuma, hamisha tairi zima la mbele lije nyuma, jembamba likae mbele. Lijaze psi 60, na usivuke kilomita 80 kwa saa.

Ya mwisho ni Honda Fit, na naiandika ili muiepuke. Ni 4x100 kweli, na muuzaji atakuapia. Tundu la katikati ni 56.1, litapita. Tatizo liko kwenye kikalio cha nati: Honda hutumia cha mviringo kama gololi, nati za Mazda zina ncha ya koni. Zinagusana kwa ukingo mwembamba tu. Utakaza mpaka jasho likutoke na bado zitalegea njiani.

Ukishachagua, usilipe kabla ya kuijaribu. Mwombe muuzaji jeki, funga rimu mbele, zungusha kwa mkono usikilize kama inagusa kalipa. Kisha nyuma vilevile, na ukute pete za plastiki zimeshatolewa. Kama umebadilisha stadi kwa ndefu, angalia nati zako: zile zilizozibwa kichwani zinaweza kugonga mwisho wa stadi kabla hazijabana rimu ya chuma, kwa kuwa chuma ni chembamba kuliko sportrimu. Mkono unahisi imekaza, kumbe rimu inacheza. Ishike juu na chini uitikise. Ikicheza, nunua nati nne zilizo wazi, zitie kwenye mfuko mmoja na spana ya 21 na bisibisi bapa, na mfuko huo ufungwe kwenye spea yenyewe.