Tahadhari: muuzaji wa bunduki bandia za mafunzo anayewazungukia wakufunzi wa walinzi Unguja na Pemba

Assalamu alaykum. Tahadhari hii nawaandikia wakufunzi wenzangu wa walinzi, wenye kampuni za ulinzi wa mahoteli na maghala, na kila aliyepewa kazi ya kutafuta bunduki bandia za kufundishia hapa Unguja au Pemba. Yupo mtu anayejitambulisha kuwa ni mwagizaji wa vifaa vya mafunzo, anayesema kuwa anazo bunduki za mpira zisizofyatua kwa bei ambayo huipati kwengine, na mtu huyo amechukua kwangu shilingi 880,000. Fedha hizo zinaniuma, lakini linalonikosesha usingizi ni kwamba katika vitu vitatu alivyoniletea, kimoja hakikuwa bandia. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, na nambari zake zote za simu nimewakabidhi wao. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, na aliyekwisha kuzungumza naye atamtambua mwenyewe.

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaokwenda kulinda mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, ambao wengi wao hawajawahi kushika silaha ya aina yoyote. Siku za mwanzo hawahitaji bunduki ya kweli hata kidogo. Wanachohitaji ni kuzoea kanuni mpaka ziingie mikononi: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kisiingie kwenye kifyatulio kabla ya kuamua kupiga, na mlinzi ajue kilichopo mbele na nyuma ya anachokilenga. Mambo hayo yanafundishwa kwa bunduki mfu, yaani kitu chenye umbo na uzito wa bunduki ambacho hakiwezi kufyatua chochote. Uzito si jambo la kupuuza. Bunduki ya aina ya AKM ina urefu wa takriban sentimita 88 na uzito wa zaidi kidogo ya kilo tatu bila magazini, na kijana aliyejifunzia kwa kipande chepesi cha ubao, akipewa ya kweli, baada ya dakika kumi mkono humchoka na mtutu hushuka taratibu hadi kuielekea miguu ya mwenzake. Nimeliona jambo hilo mara nyingi mno, na ndilo lililonifanya nitafute bunduki bandia zilizo nzuri.

Bunduki za namna hiyo zipo duniani na si siri. Zile zinazotumiwa na wakufunzi wa polisi katika nchi nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu ya poliyurethani iliyomiminwa kuwa kitu kizima, ndani zikatiwa chuma cha kuzipa nguvu, na aghalabu huwa za rangi ya buluu mwili mzima ili mtu azitambue kwa mbali. Hazina chemba, yaani nafasi ya kuwekea risasi nyuma ya mtutu, na kwa nyingi kifyatulio chenyewe hakitikisiki. Tatizo kwetu ni bei pamoja na gharama za kuzileta, na hapo ndipo mtu huyu anapopata mwanya.

Alinipigia mwenyewe, akisema amepewa nambari yangu na mkufunzi mwenzangu, kisha akaniletea picha za bunduki za buluu zilizopangwa vizuri juu ya meza. Alitaka shilingi 95,000 kwa kila moja. Niliagiza nane, na akanitaka nitangulize nusu, shilingi 380,000, ambazo nilizituma kwa simu siku hiyo hiyo. Baada ya siku tisa alisema mzigo umekwama bandarini Dar es Salaam, na kwamba zinahitajika shilingi 120,000 za kuugomboa. Nilituma. Nilipomwonesha mwenzangu mmoja zile picha, yeye hakuziangalia bunduki, bali aliangalia ukuta uliokuwa nyuma ya meza, akanionesha soketi ya umeme yenye matundu mawili ya mviringo, wakati soketi zetu hapa ni za matundu matatu ya pembe. Picha hazikupigwa katika ghala la Dar es Salaam kama alivyodai. Zilipigwa katika nchi nyengine na mtu mwengine. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwishalipa mara mbili, na aliyekwishalipa mara mbili huwa na pupa ya kuamini.

Mzigo ulikuja kwa boti. Kijana mmoja alinisubiri nje ya bandari ya Malindi akiwa na katoni ndefu iliyofungwa kwa gunia na utepe mwingi wa gundi, na akasema kuwa ameagizwa asiikabidhi katoni wala asiruhusu ifunguliwe mpaka apokee shilingi 380,000 zilizobaki. Nililipa pale pale, juani, watu wakipita na mizigo yao, na hilo ndilo kosa langu kubwa katika habari nzima. Mzigo ambao mwenyewe hakubali uufungue mbele yake hauna sababu ya kulipiwa.

Katoni niliifungua darasani baada ya kuwatoa vijana. Ndani mlikuwa na bunduki tatu badala ya nane, na hakuna hata moja iliyokuwa ya buluu. Mbili zilikuwa nyepesi na zinanuka rangi mbichi. Nilipoikwaruza ncha ya mtutu kwa ukucha, rangi nyeusi ilibanduka kama ngozi ya kitunguu na chini yake ikatokea rangi ya machungwa. Hizo ni bunduki za mchezo zinazorusha vidonge vya plastiki. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1988 inataka bunduki za mchezo ziwe na ncha ya rangi hiyo ili askari asiidhanie kuwa ni silaha, na mtu huyu aliifunika makusudi. Fikirini mlinzi wangu angekutwa nayo usiku barabarani na askari wa doria.

Ya tatu ilikuwa nzito, ya chuma na mbao, yenye harufu ya mafuta ya silaha ambayo mtu aliyewahi kuisikia haisahau. Niliilaza juu ya meza, mtutu ukielekea kwenye ukuta wa mawe ambao nyuma yake hakuna mtu, nikaifungua chemba na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kuwa ni tupu. Kisha nilichukua njukuti ya mnazi kutoka kwenye ufagio wa chelewa na kuiingiza mdomoni mwa mtutu. Katika bunduki mfu njukuti hugota papo hapo, kwa sababu mtutu ni kitu kizima au umezibwa. Hii iliteleza mpaka ndani, na ncha yake nikaiona imetokeza kwenye chemba. Nilipompigia muuzaji, alijibu bila ya kusita kwamba hiyo "imeshazimwa", yaani imeharibiwa makusudi isiweze kufyatua tena, na kwamba nisiwe na wasiwasi. Sikuigusa tena. Niliufunga mlango kwa kufuli, nikabaki nje na ufunguo, nikawaita polisi waje wenyewe kuichukua, kwa sababu kuibeba silaha isiyo na kibali kutoka darasani mpaka kituoni ni kosa jengine juu ya kosa.

Wapo walioniambia kuwa nimekuza mambo, maana bunduki kuukuu iliyozimwa haina madhara. Nawaomba wafikiri tena. Baadhi ya silaha zilizotumika katika mashambulizi ya Paris mwezi wa Januari 2015 ziliwahi kuuzwa kihalali nchini Slovakia zikiwa zimehesabiwa kuwa si silaha tena, na baada ya hapo nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kanuni za pamoja za kuzima silaha zilizoanza kutumika Aprili 2016. Ikiwa mambo hayo yalitokea mahali penye maduka yenye leseni na daftari, neno la mtu wa kwenye simu lina uzito gani? Hata alama zilizogongwa kwenye chuma hazitoshi. Waingereza waligonga herufi DP (Drill Purpose, yaani kwa gwaride tu) kwenye bunduki zao za gwaride, zikiwemo zile za Lee-Enfield, lakini herufi hugongwa na yeyote mwenye nyundo, na zinaeleza alichokusudia aliyezigonga, hazielezi hali ya bunduki iliyo mkononi mwako leo.

Kuna hadaa ya pili ambayo mtu huyu pia huitumia: ukikataa bandia zake, hukupa bunduki zinazolia kwa risasi zisizo na kichwa, akidai kuwa ni salama kabisa kwa mafunzo. Risasi isiyo na kichwa ina baruti, na moto na hewa inayotoka mtutuni kwa karibu inaweza kuua. Mwigizaji Jon-Erik Hexum wa Marekani alifariki mwezi wa Oktoba 1984 baada ya kujiwekea bastola ya namna hiyo kwenye panja la kichwa na kuifyatua kwa mzaha. Na tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya kweli iliyokuwamo ndani ya bastola ambayo waliokuwapo waliambiwa kuwa haina hatari. Hao walikuwa na watu walioajiriwa kwa kazi ya kuangalia silaha. Sisi darasani tuna mkufunzi mmoja na vijana ishirini.

Kwa hiyo, wenzangu, kitu kisiingie darasani kwa neno la muuzaji. Bunduki ya mafunzo inayostahili jina hilo haina tundu la mtutu linalopita, haina chemba ya kupokea risasi, haina sehemu inayoweza kubadilishwa ikawa nyengine, na ina rangi ya kuitambulisha mwili mzima, wala si ncha peke yake. Likikosekana sharti moja kati ya hayo, rudisha mzigo mbele ya shahidi. Na ukiona chuma, mafuta na tundu, usirudishe kitu, waite polisi.

Kuhusu bei, nilichotafuta mbali nilikuja kukipata karibu. Fundi seremala wa Mwanakwerekwe amenichongea bunduki nane za mbao ya mwembe kwa shilingi 35,000 kila moja, kwa kipimo nilichompa cha sentimita 88. Ndani ya kila moja amezamisha vipande viwili vya nondo ya milimita 12, na uzito umefika karibu kilo tatu. Mdomo wa mtutu ni mbao tupu. Kifyatulio kimechongwa pamoja na mwili, hakisogei, lakini kijana anakihisi kwa kidole na hivyo anajifunza mahali ambapo kidole hakitakiwi kuwa. Nimezipaka buluu zote, kitako hadi ncha. Mgambo wamefundishwa kwa bunduki za mbao miaka na miaka, na najuta kuona aibu ya kuwafuata wao tangu mwanzo. Gharama ya nane ni shilingi 280,000, pungufu ya malipo ya kwanza niliyomtumia yule mtu.

Hata hivyo, ubao wenye umbo la bunduki nao una taratibu zake. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa sheha wa shehia yetu na baadaye kituo cha polisi, nikaeleza tunafanya nini, wapi na saa ngapi, ili jirani akiona vijana wamelala kifudifudi uwanjani asishtuke akapiga simu. Bunduki hizo zinahesabiwa asubuhi na jioni na hufungiwa kabatini. Zinaposafirishwa hufunikwa ndani ya gari, hazipandi daladala na hazitoki na mwanafunzi. Kwa anayetaka kuagiza bandia kutoka nje, aulize polisi kwanza na apate jawabu la maandishi, kwani mambo ya silaha yanasimamiwa kwa sheria, na kauli ya muuzaji kwamba "kibali nitashughulikia mimi" haitamsaidia mtu siku ya kuhojiwa. Kwangu aliitamka mara mbili.

Wiki hii mkufunzi wa Chake Chake amenieleza kuwa ameletewa picha zile zile, meza ile ile na soketi ile ile, safari hii kwa madai kwamba mzigo umeshafika Wete na umebaki kulipiwa tu. Bei imeshuka hadi shilingi 80,000. Nambari ni mpya, lakini maneno ya kuhusu kugomboa hayakubadilika. Aliyekwisha kutuma fedha asitume nyengine, asifute ujumbe wala kumbukumbu za malipo, na aende navyo kituo cha karibu akaandikishe maelezo. Kadiri tunavyokuwa wengi ndivyo polisi wanavyopata njia ya kumfikia. Na ambaye katoni yake imeshafika na bado haijafunguliwa, aiache ilipo, awaondoe watu chumbani, na awaite polisi waifungue wao.