LaTeX kwa mwalimu wa hisabati: ukimjua aliyeijenga injini yake, utaielewa

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na mitihani ya somo hili shuleni kwetu huchapwa mezani kwangu. Natumia LaTeX, programu ya kupanga kurasa kwa amri unazoziandika, nami nasema bila kusita: kwa mtu anayeandika milinganyo kila siku, sijaona chombo kinachoifikia. Ni ya bure, na inakubali hata kompyuta kongwe ya ofisi ya taaluma. Tatizo ni kwamba wenzangu wakiona faili langu, amri na mabano kila mahali badala ya ukurasa wenyewe, wanarudi nyuma. Kilichonisaidia mimi kuizoea ni kumfahamu mtu aliyeijenga injini yake.

Injini hiyo inaitwa TeX, na ni kazi ya Donald Knuth, mzaliwa wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1938. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya Kilutheri, na pembeni aliendesha kijikampuni cha uchapaji. Kijana alikwenda chuo cha Case, Cleveland, kusoma fizikia, akahamia hisabati, na hapo hapo akakutana na kompyuta ya IBM 650. Mwaka 1960 Case wakamtunuku shahada ya kwanza na ya uzamili kwa mpigo. Mwaka 1963 akapata uzamivu wa hisabati chuo cha Caltech, California, na miaka hiyo yote alikuwa pia mshauri wa Burroughs, kampuni ya kompyuta. Baadaye akaenda chuo kikuu cha Stanford, na mwaka 1974 akapata Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta. Aljebra kwa mkono mmoja, mashine kwa mkono wa pili: shikeni hilo, maana programu nzima imetoka humo.

Mwaka 1977 aliletewa prufu, yaani kurasa za majaribio, za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha kuprogramu. Herufi za madini ya risasi zilikuwa zimeachwa, mitambo ya kupiga herufi kwa picha ilikuwa imeshika nafasi, na kurasa zilimchukiza. Akaona kwamba ukurasa ni hesabu tu: mahali penye wino ni moja, pasipo na wino ni sifuri. Akaweka kitabu kando atengeneze programu ya kupanga kurasa, na kazi hiyo ikamla karibu miaka kumi.

Angalieni jinsi TeX inavyokata mistari. Programu za kawaida hujaza mstari wa kwanza, zikamaliza, zikaenda wa pili. TeX huisoma aya nzima kwanza. Kila mstari unapewa alama ya ubaya kulingana na nafasi kati ya maneno zilivyotanuka au kubanwa, na ubaya huo unakua kwa kipeo cha tatu: ukizidisha mtanuko mara mbili, ubaya unakuwa mara nane. Kisha inatafuta njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Wanafunzi wangu wanaosoma namna ya kutafuta thamani ndogo kabisa wanaishika karatasi ya mtihani iliyopangwa kwa mbinu hiyo hiyo! Knuth na Michael Plass waliichapisha mwaka 1981.

Vipimo navyo vinahesabiwa kwa namba kamili, pointi moja, kipimo kidogo cha wachapaji, ikigawanywa vipande 65,536, ili kompyuta mbili tofauti zisitoe kurasa mbili tofauti. Hakuna jicho litakaloona kipande kidogo hivyo. Ila mwanahisabati hakubali jibu linalobadilika kwa kubadili mashine, nami napenda msimamo huo kuliko kitu kingine chochote ndani ya TeX. Matoleo yake yanaifuata pai, 3.14, 3.141, na kuendelea, kwa sababu hayaongezwi mambo mapya, yanasahihishwa tu. Na aliyegundua kosa la kwelikweli alitumiwa hundi, ambayo kwa TeX ilipanda hadi dola 327.68. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kwa senti.

LaTeX yenyewe, yaani zile amri rahisi tunazoandika juu ya TeX, ilianzishwa miaka ya 1980 na Leslie Lamport, naye ana uzamivu wa hisabati, wa chuo kikuu cha Brandeis, 1972. Tuzo ya Turing aliipata kwa mwaka 2013.

Kasoro zipo. Ukisahau kufunga bano moja, unaletewa mlolongo wa malalamiko ya Kiingereza kizito. Mfumo kamili ni gigabaiti kadhaa, bando litaumia. MiKTeX, mkusanyiko mmoja wa mfumo huo, ni nafuu kwa sababu inashusha kidogo kidogo kadiri unavyohitaji. LaTeX isipoelekezwa, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani, na Kiswahili hakikatwi hivyo, kwa hiyo mimi nimezima ukataji kabisa. Majedwali yanachosha. Tangazo la kikao cha wazazi lichapeni kwa Word.

Ila sehemu juu ya sehemu, vipeuo, matriki, vikomo, alama za kuunganisha zenye mipaka juu na chini: hapo haina mpinzani. Anayetaka kuanza achukue mtihani wake mmoja wa zamani, auchape upya swali kwa swali, na aanze na swali lenye mlinganyo mrefu kuliko yote.