Uzoefu wangu: kusoma teknolojia ya elektroniki chuo cha ufundi

Kozi hii naipima kwa kitu kimoja: muda ambao mwanafunzi anakaa mezani, mita mkononi. Hapo chuo nilichosoma kilifanya vizuri nusu tu.

Sheria ya Ohm (volti ukizigawa kwa ampia unapata omu) ilifundishwa ipasavyo, kwa kuwa hesabu ya ubaoni ilijaribiwa siku hiyohiyo. LED nyekundu, yaani taa ndogo ya elektroniki, hula takriban volti 2. Kwa betri ya volti 9 zinabaki 7. Zigawe kwa ampia 0.02, unapata omu 350. Rezista (kifaa cha kupunguza mkondo) ya thamani hiyo si ya kawaida madukani, kwa hiyo unapanda hadi 390 na taa inawaka vizuri kwa miliampia 18.

Kulehemu ndiko kunakohitaji subira. Wengi huyeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi kisha wanaipaka kwenye kiungo. Inaganda juu kama shanga bila kushika. Pasha kwanza mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, halafu gusisha lehemu hapo, si kwenye ncha. Kwa lehemu ya bati na risasi 60/40, nyuzi 330 hadi 350 na sekunde 2 au 3 zinatosha. Ukizidisha, shaba inabanduka.

Multimeta za karakana zilitupotosha sana. Mtu anapima ampia, anasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, kisha anagusa betri: hiyo ni shoti, na fyuzi ya ndani inakatika. Anayefuata akipima ampia anasoma sifuri na kudhani saketi yake imekufa. Pima fyuzi ya mita kabla hujalaumu kazi yako.

Mradi wa pawa saplai ya volti 5 ndio niliouthamini kuliko yote. Umeme wa transfoma ya volti 12 ukipita kwenye dayodi nne (zinazoupitisha upande mmoja tu) na kapasita (inayousawazisha) hautoi 12, unatoa karibu 15.6, maana kilele ni 17 na dayodi mbili zinazopitisha umeme kwa wakati mmoja hukata 1.4. Ukichota nusu ampia, 7805, kidhibiti kinachoshusha umeme hadi volti 5, inabeba takriban wati 5 za joto, na bila kipoza joto inajizima yenyewe. Transfoma ya volti 9 ingefaa zaidi, na mwongozo wa chuo ulipaswa kusema hivyo.

Upungufu mkubwa ulikuwa kutafuta hitilafu. Tulijenga saketi nyingi, lakini zilizoharibiwa makusudi ili tuzitengeneze zilikuwa chache mno, ilhali fundi hulipwa kwa kazi hiyo hasa. Osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, nayo ilikuwa moja kwa wanafunzi sita, na klipu yake ya ardhi ikishikizwa mahali pasipofaa inapiga shoti, kwa hiyo wengi waliiogopa badala ya kuizoea.

Kabla ya kulipa ada, omba kuingia karakana wakati wa kipindi. Hesabu osiloskopu, kisha uliza ni saketi ngapi mbovu mwanafunzi hupewa kwa muhula.