Tahadhari: SSD za nje za "terabaiti 16" kwa bei ya kutupa

Wakuu, ukikuta SSD ya nje (diski ya kuhifadhi data isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya kuchomeka kwa waya) imeandikwa terabaiti 16 na bei yake haifiki hata ya SSD halali ya terabaiti 1, usinunue. Hiyo si ofa, ni utapeli, na kinachopotea si pesa tu.

Nimefungua moja aliyoileta rafiki yangu. Ndani ya kava kuna kipande kidogo cha sakiti, kisoma kadi na memori kadi kama ya simu, vyote vimegandishwa kwa gundi. SSD haimo kabisa. Chipu imechezewa ili iidanganye kompyuta: ukichomeka, Windows inakuonyesha terabaiti zote 16, mafaili yanaingia, majina yanaonekana. Kadi ikishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea hewani, na hakuna onyo lolote. Mtu anahamishia humo picha za watoto wake, anafuta zile za kwenye kompyuta apate nafasi, halafu baadaye anafungua video inagoma. Hapo hakuna fundi wa kumsaidia, maana data hiyo haikuwahi kuhifadhiwa au imeshaandikwa juu. Hili ndilo linaloniuma.

Nyota tano za wanunuzi msizitegemee. Wengi huzitoa siku mzigo unapofika, diski ikiwa bado tupu.

Kasi nayo inawaumbua. SSD halali ya SATA (aina ya zamani ya muunganisho) husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na ya NVMe (aina mpya yenye kasi zaidi) kwenye PCIe 3.0 hufika 3,500. Hata diski ya kawaida ya kuzunguka (HDD) hupita 100. Hizi feki, ukizipa faili kubwa, hujikongoja kwenye makumi tu.

Kama umeshanunua, nakili kwanza pembeni mafaili uliyoweka humo, maana kipimo kinaweza kuyaharibu, kisha ipime kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Zote ni bure: zinajaza diski nzima, kisha zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Inachukua muda mrefu, hata siku kadhaa kwa terabaiti 16, iache ifanye kazi. Ukitaka jibu la haraka, ValiDrive inapima sehemu chache chache tu.

SSD za ndani nazo zina ujanja wake: zilizotumika zinauzwa kama mpya. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizowashwa na kiasi cha data kilichoandikwa. Mpya inapaswa kuwa karibu na sifuri, ingawa matapeli wengine huzirudisha namba hizo nyuma.

Mwenye feki mkononi aache kuandika chochote humo, anakili mafaili yanayofunguka, kisha adai pesa yake kwa kuambatanisha picha ya ripoti ya H2testw. Muuzaji atakubembeleza akurudishie nusu ubaki na diski. Kataa, dai zote.