Kifuatiliaji cha APRS kwenye boti ya mbao, Ziwa Victoria: uzoefu wangu

Ni kifaa cha wati 5 chenye GPS ndani, kinarusha mahali boti ilipo kwenye 144.800 MHz kwa APRS, mfumo wa redio ya ridhaa (ya wapenzi wa redio) unaoonyesha vyombo kwenye ramani. Betri ya 12 V ya 7 Ah inakitosha kutwa nzima. Kifaa chenyewe ni imara, lakini antena yake haifai boti ya mbao.

Ile fimbo ya robo wimbi inataka bati chini yake, kama paa la gari. Kwenye mbao haina bati hilo, kwa hiyo mawimbi hayaendi mbali. Nimeweka daipoli: waya mbili za sentimita 49, moja ikielekea juu na nyingine chini, ndani ya bomba la plastiki lililosimama wima mita 2 juu ya maji. Kiungio cha kebo kizungushie utepe wa mpira mpaka kifunikwe kabisa. Kebo ikishanyonya maji, itupe.

Alama yako ya wito, yaani utambulisho wako redioni (za Uganda huanza na 5X), iongezee -8, maana hiyo ni ya vyombo vya majini. Njia (inayoambia vituo vingine virudie ujumbe wako): WIDE1-1,WIDE2-1.

Hatari kubwa imo kwenye mpangilio wa kutuma kufuatana na mwendo. Mashine ikizima, boti inachukuliwa na upepo polepole, nacho kifaa kinadhani umetia nanga: kinatuma kila baada ya dakika 30. Hapo ndipo watu wa nchi kavu wanapokuhitaji zaidi! Weka sekunde 180 kwa mwendo mdogo, usiache zaidi ya hapo.

Umbali usikudanganye. Antena ya mita 2 ikiitazama ya mita 30 ufukweni, hesabu kama kilomita 28. Ukitoka Entebbe kwenda kisiwa cha Bugala utapotea kwenye ramani kabla hujafika, labda kuwe na kituo cha kurudia kilimani. Na bila kituo cha kupokea chenye intaneti, hakuna atakayekuona kwenye aprs.fi, tovuti ya ramani hiyo. Kwa kituo hicho, Raspberry Pi (kompyuta ndogo), kadi ya sauti ya USB, redio na programu ya Direwolf (inayosoma jumbe za APRS kutoka kwenye sauti ya redio) vinatosha.

Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda), na hairuhusu kazi ya biashara. Wenye boti za abiria watafute njia nyingine.

Nakipa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya sauti: kilikuja sauti ikiwa imefunguliwa kupita kiasi, pakiti (jumbe zake) zikasikika vizuri redioni lakini Direwolf ikashindwa kuzisoma. Punguza skrubu ya sauti kidogo kidogo, huku ukitazama skrini ya kituo, mpaka zisomeke zote.